Taipureta Yenye Kufuli

Jumamosi, 6 Januari 2018

Daftari hili nimelinunua Coventry Road kwa jambo moja tu: kuandika ninachokiona siku nilipokiona, maana nikikiacha kichwani kinageuka. Kuna mtu anasoma riwaya yangu, na sijampa ruhusa.

Ushahidi wa kwanza ni huu. Jumatano niliandika kuhusu Bi Dhahabo, mama mkwe wa bi harusi wa riwaya yangu, anayepima sukari kwa kifuniko cha chupa ili mkaza mwana asizidishe. Bi Dhahabo ni mtu wa kubuni. Haya, si wa kubuni sana. Alhamisi asubuhi naingia jikoni, nakuta mama mkwe wangu mwenyewe, Mama Halimo, amelisogeza kopo la sukari mbele ya kikombe changu, limejaa pomoni, na ndani yake amechomeka upawa wa wali. Akanitazama. Akasema kwa Kisomali, "Jipimie, mwanangu."

Mama Halimo hajui Kiswahili. Ndiyo sababu naandika kwa Kiswahili. Mume wangu Adow alikulia Mogadishu na Rotterdam, akinisikia kwenye simu na dada yangu wa Garissa anasema nimeanza tena kuimba. Binti yetu Ayan anakielewa cha kutumwa dukani, na hata hicho hukijibu kwa Kiingereza. Katika nyumba hii Kiswahili ni changu peke yangu, kama mswaki.

Wakwe zangu wakijua wameandikwa, kitabu kimekwisha. Hakuna atakayenipiga wala kunifukuza. Watanyamaza tu, watakaa sebuleni na kunyamaza, mpaka nikichome mwenyewe. Nawajua watu wangu.

Jumapili, 7 Januari

Mvua.

Jumanne, 9 Januari

Leo nimeipeleka laptopu kwa Zakariye, kijana aliyetoka Eastleigh, mwenye duka la simu hapa mtaani. Akabonyeza mara mbili, akacheka. "Auntie, hii ina-sync kila kitu. Ukiandika hapa, Ayan anaiona kwa tablet. Hujajua?"

Nilitaka sakafu inimeze. Akanitilia programu ya waandishi. Ukiifungua, skrini yote inakuwa nyeupe, hakuna saa, hakuna ujumbe, hakuna chochote ila maneno yako.

"Hii haina stori mingi," akasema. "Haina net, haina noma. Ni page tu."

"Na nikifunga, maneno yanakwenda wapi?"

"Yako ndani, auntie."

Ndani ya wapi, hakusema. Alikuwa ameshamgeukia mteja mwingine.

Jumatano, 17 Januari

Kusema kweli programu ni nzuri. Inanipa ukuta uliopakwa chokaa na kuniacha nao. Nimeandika sura ya dirisha: bi harusi anatoroka usiku kupitia dirisha la jikoni, viatu ameviuma kwa meno. Nimeipenda mpaka nikasimama. Tablet nimeikagua, haina kitu.

Jumapili, 21 Januari

Ina kitu! Si tablet, dunia.

Kila Jumapili wanawake wa ukoo hukusanyika kwa Muslimo, dada yake Adow, mitaa miwili kutoka kwetu hapa Bordesley Green. Mimi mara nyingi niko kazini, hupita tu kumchukua Mama Halimo. Leo Muslimo amenifungulia mlango huku akifuta machozi ya kicheko. Akaniuliza, "Na wewe, Najmo, dirisha lako la jikoni linafunguka?" Sebule nzima ikalipuka. Mama Halimo alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake cha chai.

Nimerudi nyumbani nikaikagua tablet tena.

Jumatatu, 22 Januari

Nimempima Ayan. Nimempa ukurasa mmoja asome, akautafuna kama mchele wenye mawe. "Mum, what even is *hakumwambia*? That's like a whole sentence." Si yeye.

Anabaki Henriette.

Henriette wa Bukavu ni mwenzangu kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Yeye hushika ncha mbili za shuka, mimi mbili, tunatembea mpaka tukutane. Miaka sita tumekutana hivyo. Ndiye mtu pekee niliyempa riwaya, nachapisha maktaba, anaisoma kwenye basi la kwenda kwao Kingstanding. Na Henriette anauza vitenge. Huingia nyumba za watu. Kwa Muslimo pia huingia, wanaelewana kwa Kiingereza. Na Jumamosi akija kwetu hukaa na Mama Halimo saa nzima, kila mmoja na lugha yake, wanachekeana.

Sisemi ni yeye. Nasema tu kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi, 27 Januari

Nimenunua taipureta.

Nimetoka kwenye treni Selly Oak, nikapita nyumba za wanafunzi na mapipa yao, hadi kwa mzee Amarjit anayetengeneza cherehani na taipureta nyuma ya nyumba yake. Aliniwekea mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya ofisini, nzito kama jiwe la kusagia, lakini vibonye vyake vinashuka kwa adabu. Akanisifia hiyo: mama, ukiandika usiku hata paka haamki. Ya pili ni ndogo, ya kubeba, ina kelele za bati la mvua, lakini inakaa ndani ya sanduku lake, na sanduku lina kufuli.

"Ya kitabu, nakushauri hii kubwa," akasema. "Kelele zinachosha."

"Ufunguo upo?"

Akanitazama kidogo. "Upo. Mmoja tu."

Nikachukua yenye kufuli. Nilijaribu kwa kuandika *ng'ombe*, maana mashine isiyo na kile kidude cha ng'ombe haina faida kwangu. Inacho. Ufunguo nimeuvaa shingoni ndani ya hijabu.

Alhamisi, 1 Februari

Meza nimeiegemeza kwenye meko ya zamani ya ukutani, chumba kidogo cha juu, kwa sababu kona ile haina upepo. Raha iliyoje. Mashine hii haisahihishi, haipendekezi, haimwambii mtu. Ukikosea umekosea, kama kwenye loho, ule ubao tulioandikia utotoni. Kwenye duksi, chuo chetu cha Kurani kule Garissa, mwalimu hakukubali mtoto aandike kimya. Unatamka, unaandika, unatamka tena, na aliyefunga mdomo alionja fimbo. Nimelikumbuka hilo leo kwa sababu mashine nayo inanitaka niende neno kwa neno.

Ayan amegonga mlango. "Mum, you're so loud. I can hear everything."

Nimeweka taulo chini ya mashine.

Jumatatu, 5 Februari

Nimempa Henriette kurasa za mashine. Alizinusa kwanza. "Ee, Najmo! Sasa njo kitabu, inanuka kitabu." Tukakunja mashuka. Katikati ya shuka akauliza, "Na uyu mama mukwe wa mu kitabu, ni wa kwako, ao?"

Nikamwambia si wa kwangu.

"Bon," akasema, akatabasamu. Kwa nini alitabasamu?

Jumanne, 6 Februari

Baridi. Mama Halimo anakohoa. Anakaa chumbani kwake siku nzima, kile cha mbele, chini, tulichompa kwa sababu ya magoti yake. Kiti chake amekisogeza mpaka ukutani.

Jumamosi, 10 Februari

Nimetega mtego. Nimeandika sura ya uongo, haimo kwenye riwaya na haitakuwamo: bi harusi anaficha mkufu wa dhahabu ndani ya pipa la unga, na Bi Dhahabo anaukuta kwenye anjera, mkate wetu wa asubuhi. Nimeipiga chapa mara moja tu, mlango umefungwa. Nimeitia ndani ya bahasha, nikaibandika selotepu, nikampa Henriette alipokuja mchana. Nikamwambia, "Hii wewe tu."

"Mi tu," akasema, akaitia kwenye mfuko wa vitenge. Kisha akaenda kukaa na Mama Halimo. Nilisimama nyuma ya mlango nikasikiliza. Hawakusema neno la maana. Lakini wajanja hawasemi ukiwa nyuma ya mlango.

Jumapili, 11 Februari

Muslimo, mbele ya wote: "Najmo, anjera zenu siku hizi zina dhahabu?"

Basi. Nimejua.

Jumatatu, 12 Februari

Nataka yawe sawasawa yalivyokuwa.

Tulikuwa na shuka kati yetu. Nikamwambia, "Henriette, umemwambia Muslimo."

"Nimemwambia nini?"

"Mkufu. Unga. Usinifanye mjinga."

Alisimama. "Mkufu gani? Bunga gani?"

"Iliyo kwenye bahasha. Hakuna mwingine duniani niliyempa. Wewe na vitenge vyako, unaingia nyumba za watu na maneno ya watu."

Akaiachia ncha yake. Shuka likaanguka kwenye sakafu yenye maji, na miaka sita sijaona Henriette akiangusha shuka. Akaenda kwenye kabati lake, akarudi na bahasha. Selotepu ilikuwa palepale.

"Sijaifungua," akasema. "Mutoto alikuwa na homa, sikusoma kintu. Angalia. Iko vile uliifunga."

Nikaiangalia. Na unajua nilisema nini? Nilisema, "Selotepu inauzwa kila duka."

Sikuona hasira usoni mwake, ningeipenda hasira. "Najmo, mi nilikimbia bantu benye banasema ivyo. Banasema: sikukuona, lakini najua ni weye." Akaniwekea bahasha juu ya rundo la mashuka machafu, akaenda kwa msimamizi wetu Vimla kuomba zamu ya asubuhi, tusikutane tena.

Nilifanya vyema. Nililazimika. Siri ikishatoka mtu hana budi kuziba tundu.

Jumanne, 13 Februari

Vimla amenipa mashine ya kukunja. Inakunja haraka kuliko Henriette.

Jumamosi, 24 Februari

Hatimaye niko salama. Leo nimeandika sura ambayo hakuna binadamu atakayeipata: bi harusi, miezi baada ya kutoroka, anarudi usiku kwenye nyumba ileile, kwa sababu ameacha herini za marehemu mama yake. Anasimama nje, mbele ya dirisha la jikoni. Hapo nimekwama. Sijui kama litafunguka.

Nimefunga sanduku. Ufunguo uko shingoni.

Ijumaa, 2 Machi

Theluji mpaka kwenye vizingiti. Mabasi hayaendi. Sijaandika neno wiki nzima. Nikikaa mezani namwona Henriette akinusa karatasi.

Mama Halimo ameniuliza, "Ile mashine yako imekufa?" Nikamwambia imechoka. Akasema, "Ipe chai."

Ijumaa, 9 Machi

Ameuliza tena habari ya mashine. Kwa nini inamhusu?

Jumatano, 14 Machi

Mvua. Sijaandika.

Jumapili, 18 Machi

Theluji imerudi, na mimi nilidhani imetuaga. Sikuwa kazini. Nikamfuata Mama Halimo mapema ili asije akateleza. Mlango wa Muslimo ulikuwa wazi kidogo. Nikaingia, nikainama kuvua viatu ukumbini, ndipo nikaisikia sauti ya mama mkwe wangu sebuleni.

Alikuwa akisimulia. Kwa Kisomali safi, cha polepole, kile cha wazee wanaojua kwamba hakuna atakayewakatiza. Bi harusi alirudi usiku, akasema, si kwa mume, kwa herini za mama yake.

Nilishika ufunguo shingoni. Ulikuwapo.

"Akasimama mbele ya dirisha," Mama Halimo akasema, kisha akanywa chai. Wanawake wakaanza kumsihi shangazi yao. "Halafu? Eddo, wiki ya tatu unatuacha hapohapo dirishani! Lilifunguka?"

"Lilifunguka."

"Nani alilifungua?"

"Yule bibi kizee. Na si usiku ule tu. Mnadhani dirisha la jikoni la nyumba ya zamani linafunguka bila kulia? Usiku ule wa kwanza msichana aliruka na hakuna aliyeamka. Kwa nini? Kwa sababu bibi kizee alikuwa akizipaka bawaba mafuta ya samli kila Alhamisi, tangu msichana alipoletwa. Yeye mwenyewe alipokuwa bi harusi alisimama palepale na viatu mkononi, dirisha likalia, na nyumba nzima ikaamka."

Hakuna aliyecheka. Mtu akapenga kamasi. Mimi nilikuwa nimechuchumaa ukumbini na kiatu kimoja mkononi, nikiwa nimeibiwa sura niliyoifungia, na nimeongezewa nyingine ambayo sikuiandika wala sikuijua. Na ilikuwa ya kweli. Ningekaa miaka kumi mbele ya mashine nisiipate.

Tukatoka, mimi na Mama Halimo. Njia ilikuwa kioo. Alinishika mkono, tukaenda hatua ndogondogo, na mbele ya msikiti mguu wake ukateleza. Nikamdaka. Akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka, "Nishike vizuri, bibi we, hii barafu haina adabu."

Nilisimama.

"Tembea," akasema, "tutaganda."

"Mama unajua Kiswahili?"

"Niliuza maziwa Isiolo kabla baba yake Adow hajaniona. Ningeuza kwa lugha gani?"

"Miaka yote hii!"

"Hukuniuliza. Tena, ukimpigia dada yako simu, unakaa mbele yangu unanisema. Magoti yangu, sukari yangu, mdomo wangu. Ningesema najua, ungehamia chumbani. Ningebaki na nani?"

Nilitaka kufa. Yeye alikuwa anacheka, nilihisi mkono wake ukitikisika. Nikamuuliza karatasi zangu anazipataje, nani anazileta. Hapo akasimama yeye.

"Karatasi? Mimi sijui kusoma, Najmo. Unasema mwenyewe. Kila neno. Ulikuwa ukinong'ona kwenye kompyuta, nikawa naweka sikio ukutani, kwenye meko ya chumbani kwangu, iliyo chini ya yako. Uliponunua lile bati lako, ukaanza kupiga kelele ili ujisikie. Sauti inashuka na bomba la moshi kama redio. Nikapumzisha sikio."

Loho. Unatamka, unaandika, unatamka tena. Programu ya kimya, sanduku lenye kufuli, ufunguo mmoja, na mdomo wangu wazi muda wote.

"Sikuwaambia ni yako," akasema. "Wanadhani ni hadithi ya zamani. Ila Muslimo nilimwambia akutanie kidogo. Ulikuwa umenuna tangu Desemba. Mashine ilipokufa wakaanza kunisumbua, mwisho wake, mwisho wake. Nikalazimika kuutia mwenyewe." Tulifika mlangoni. Akapangusa viatu. "Bi Dhahabo wako ana roho mbaya kupita kiasi. Lakini endelea. Mkongo wako siku hizi mbona haji?"

Niliingia chooni nikalia kwa kitambaa mdomoni, maana sasa najua nyumba hii inavyosikia.

Jumatano, 21 Machi

Nimempigia Henriette mara mbili. Hapokei.

Jumamosi, 24 Machi

Nimeiandika sura ya samli jana usiku, kwa sauti, na chini nikasikia kiti kikisogezwa. Leo nimepanda mabasi mawili hadi Kingstanding na kurasa zote kifuani. Nyumba zile zinafanana, nilibisha mlango wa mtu mwingine kabla ya wake.

Alifungua kwa upana wa mwili wake. Hakusema karibu.

Nikamwambia yote, bila kujitetea. Meko, loho, Mama Halimo. Nikasema, "Nilikusingizia. Uliniwekea ushahidi mkononi nikautukana. Nisamehe, dada yangu." Kicheko kilimpitia usoni nilipofika kwenye bomba la moshi, akakizuia, kikarudi ndani.

Nikamnyooshea kurasa. "Ni zako. Soma kwanza wewe."

Akatia mikono yote miwili chini ya kitenge, akaifunga hapo.

"Karatasi yako sitagusa tena, Najmo. Siku moja kintu kitapotea, utasema ni mi."

"Henriette."

"Weye uko na mudomo. Soma."

Mvua ilikuwa imeanza. Jirani alikuwa akitoa mapipa, watoto wawili walikuwa wamekaa juu ya ukuta wakinitazama. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaanza, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikika. Bi harusi, sukari, kifuniko cha chupa. Henriette hakutoka mlangoni kunipisha, wala hakuufunga mlango.

"Sisikii," akasema. "Ongeza sauti."

Nikaongeza, mpaka jirani akaacha pipa lake akasimama.